Kununua ngome si kuulinda mji

Mtu yeyote aliyewahi kuingia katika jumba la ofisi jijini Nairobi anakifahamu kile kitabu cha wageni. Bawabu humsimamisha mgeni langoni, akampa kalamu iliyofungwa kwa uzi, naye mgeni akaandika jina lake, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, ofisi anayoiendea na saa ya kuingia. Wengine huandika kwa hati isiyosomeka. Wengine hubuni nambari papo hapo. Kitabu kikijaa hutiwa kabatini na kingine kikafunguliwa, na ni nadra sana kusikia kwamba kuna aliyeketi jioni akaipitia mistari ile ili ajue ni nani aliyeingia na hakutoka. Kitabu hutafutwa siku ya wizi, na mara nyingi ukurasa unaotakiwa huwa ndio uliochanika.

Tunakitaja kitabu hicho kwa sababu tarakilishi za ofisi zetu nazo zina bawabu wake na kitabu chake. Bawabu huyo ni mtambo uitwao fayawoli, ambao wengine huuita ngome. Hutangaziwa zabuni, hununuliwa kwa pesa nyingi, huzinduliwa kwa hafla na hotuba, kisha hufungiwa katika chumba chenye baridi na kusahauliwa. Mtambo wenyewe hausahau. Usiku na mchana unahesabu kila kinachopita katika malango yake, na unahesabu kila mara ambapo kanuni zake zimeruhusu au zimekataa. Hoja yetu leo ni kwamba hesabu hizo hazisomwi katika ofisi nyingi zinazohifadhi siri na mali za Wakenya, na kwamba hali hiyo ni ya hatari zaidi kuliko kukosa mitambo yenyewe, maana asiye na mlango hujua kwamba hana mlango.

Itakumbukwa kuwa katika juma la mwisho la Julai 2023 jukwaa la serikali la eCitizen lilielemewa hata likawa linapatikana kwa shida kwa siku kadhaa. Serikali ilikuwa imejivunia punde tu kwamba zaidi ya huduma 5,000 zimehamishiwa huko. Waliokuwa wakiomba pasipoti, viza, leseni za kuendesha magari na usajili wa biashara walikwama. Wananchi walitatizika kununua umeme kwa simu, na wasafiri wa reli wakashindwa kukata tiketi. Ilibidi serikali itangaze kwamba wageni waliokosa viza ya mtandaoni wangepewa viza wakifika nchini. Kundi lililojiita Anonymous Sudan likajigamba kwamba ndilo lililohusika. Bw Eliud Owalo, aliyekuwa waziri wa habari na mawasiliano wakati huo, alikiri kwamba jukwaa lilishambuliwa, akaeleza kwamba wavamizi walijaribu kulifurikisha kwa maombi mengi kupita kiasi, na akasisitiza kwamba hakuna data iliyopotea. Mnamo Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza mjini Los Angeles kwamba ndugu wawili raia wa Sudan wameshtakiwa kwa kuliendesha kundi hilo.

Hatuna sababu ya kulitilia shaka neno la waziri. Swali letu ni jingine. Mtu anaposema kwamba hakuna kilichoibwa, sharti awe ametazama mahali fulani kabla ya kusema. Je, ni wangapi miongoni mwa wakuu wa idara, magavana wa kaunti 47, wakurugenzi wa hospitali na wenyeviti wa vyama vya akiba na mikopo wanaoweza kuamshwa usiku wa leo, waulizwe swali hilo hilo, nao wakajua pa kutazama?

Pa kutazama ni mahali pawili, wala hapahitaji shahada ya uzamili kueleweka. Fayawoli husimama baina ya mtandao wa ofisi na ulimwengu wa nje. Ina malango, yaani matundu yanayochomekwa nyaya. Moja hutazama nje, jingine hutazama ndani, na pengine kuna la tatu linalotazama seva ambazo umma unaruhusiwa kuzifikia. Yote yapitayo humo hupita yakiwa yamekatwa katika vifurushi vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti hubeba usoni mwake anwani ya itokako, anwani ya iendako, na nambari ya huduma inayotakiwa: 443 kwa kurasa za wavuti zilizofumbwa, 25 kwa barua pepe, 22 kwa mafundi wanaoingia kutoka mbali kuzirekebisha seva. Ndani ya mtambo mna orodha ya kanuni. Pakiti ikifika, mtambo huisoma orodha kutoka juu kushuka chini, na katika mitambo mingi kanuni ya kwanza inayoafikiana na pakiti hiyo ndiyo huamua ipite au itupwe. Chini kabisa huwekwa kanuni isemayo kwamba lolote ambalo halijaruhusiwa hapo juu limekataliwa.

Kila lango lina vihesabio vyake: baiti zilizoingia, baiti zilizotoka, pakiti zilizofika zikiwa na hitilafu, pakiti zilizotupwa kwa kukosa nafasi. Kila kanuni nayo ina kihesabio chake, kinachoonyesha imeguswa na pakiti ngapi tangu mtambo uwashwe au tangu kihesabio kirudishwe sufuri. Anayevisoma vihesabio hivyo viwili pamoja, siku baada ya siku, huijua ofisi yake kama mchungaji anavyoijua mifugo yake, na humtambua mgeni zizini bila kuambiwa.

Maarifa haya si mapya. Vichujio vya kwanza vya pakiti vilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, na mdudu wa Morris wa Novemba 1988, aliyelemaza maelfu ya tarakilishi kwa siku moja au mbili, ndiye aliyewashtua wengi wakaanza kujenga kuta. Mwaka huo huo wa 1988 ulichapishwa utaratibu wa SNMP, ambao kwao msimamizi aliye mbali huuliza mtambo habari za malango yake nao ukamjibu. Mnamo 1994 Tobias Oetiker, aliyekuwa akifanya kazi mahali palipokuwa na laini moja tu ya nje ya kilobiti 64 kwa sekunde, alianza kuandika programu ya MRTG, ambayo husoma vihesabio kila baada ya dakika tano na kuvichora kwa umbo la milima na mabonde. Programu hiyo ingali ya bure hadi leo. Tarakilishi iliyotupwa stoo kwa ukongwe yaweza kuiendesha. Anayedai kwamba kaunti yake haina fedha za kufuatilia mtandao ametafuta udhuru mwingine.

Hapa yafaa tuonye jambo moja ambalo hata mafundi hulisahau. Kihesabio cha kale cha biti 32 hufika 4,294,967,295 kisha kikarudi sufuri, kama mita ya maili ya gari kuukuu. Laini ya megabiti 100 kwa sekunde ikijaa, kihesabio hicho huzunguka kwa muda usiofika dakika sita. Laini ya gigabiti moja hukizungusha kwa takriban nusu dakika. Anayekisoma kila baada ya dakika tano basi, kwenye laini kubwa, ataona kilima kidogo hali mafuriko yamekwisha kupita mara nane juu ya kichwa chake. Vihesabio vya biti 64 vimekuwapo kwa miaka mingi. Fundi anayechora picha zake kwa vile vya zamani anachora uongo, ingawa hana nia mbaya.

Tuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo katika mji wa wilayani. Mchana wanachama huja kuuliza salio na kuomba mikopo, makarani husoma barua pepe, na lango la nje hupokea zaidi ya linavyotuma. Usiku lango hutulia, isipokuwa saa ambayo nakala za akiba hupelekwa kuhifadhiwa kwingine. Ukisoma milima na mabonde hayo kwa mwezi mmoja utayajua kwa moyo. Ikitokea usiku fulani wa Jumamosi, saa nane, lango hilo likawa linatuma baiti mara kumi ya kawaida kwa muda wa saa mbili, na nakala za akiba hazikupangwa saa hiyo, kuna jambo. Huenda ni fundi aliyebadilisha ratiba bila kumwambia mwenziwe. Huenda pia ni rekodi za wanachama wote zinasafirishwa ng'ambo. Ni lazima mtu aulize, na hawezi kuuliza asiyejua kwamba usiku huo ulikuwa tofauti na mwingine.

Si kila nambari ya kutisha ni adui. Pakiti zenye hitilafu zikiongezeka, mara nyingi kilichopo ni waya uliokanyagwa na meza au ulioguguniwa na panya, au mitambo miwili isiyoafikiana kuhusu kasi. Vivyo hivyo kihesabio cha kanuni ya mwisho, ile ya kukataa, hakina budi kupanda usiku na mchana, kwa kuwa anwani yoyote iliyo hadharani hubishiwa hodi bila kukoma na programu zinazozunguka ulimwengu mzima zikitafuta mlango uliosahauliwa. Msimamizi mgeni huyaona makataa hayo akaingiwa na hofu. Aliyekomaa huingiwa na hofu siku kihesabio hicho kinaposimama. Kimya katika kanuni ya kukataa chaweza kumaanisha kwamba kuna kanuni nyingine juu yake ambayo sasa inaruhusu yote.

Na hilo hutokea zaidi ya inavyodhaniwa. Ijumaa alasiri mwanakandarasi anakuja kurekebisha mfumo wa mishahara. Anasema hawezi kuifikia seva yake. Kijana wa idara ya teknolojia, ambaye siku hiyo hiyo ameitwa kutengeneza printa katika orofa tatu na kuandaa mkutano wa video wa mkurugenzi, anaweka kanuni juu kabisa ya orodha: ruhusu kila kitu, kutoka popote, kwenda kwa seva hiyo. Ni ya muda, anasema. Mwanakandarasi anamaliza kazi na kwenda zake. Kanuni inabaki. Kanuni zote zilizo chini yake zinazoihusu seva hiyo zinaanza kufa njaa. Vihesabio vyake havipandi tena, kwa kuwa hakuna pakiti inayofika kwake. Mtu angelitazama orodha hiyo Jumatatu asubuhi angeliyaona yote kwa dakika mbili. Hakuna atazamaye. Kijana yule akipata kazi kwingine mwaka ufuatao, atakayemrithi ataikuta kanuni ile na kuiogopa, asije akaiondoa na mishahara ikakwama mwisho wa mwezi.

Ndivyo orodha zinavyonenepa. Avishai Wool alichapisha mnamo 2004 uchunguzi wa kanuni za fayawoli 37 zilizotoka katika mashirika halisi, akaonyesha kwamba makosa yalikuwa ya kawaida mno, na kwamba kadiri orodha ilivyokuwa ndefu na tata ndivyo makosa yalivyozidi. Mitambo imebadilika sana tangu wakati huo. Wanadamu wanaoiandikia kanuni hawajabadilika kiasi hicho.

Lakini tusikimbilie kufuta. Kanuni ambayo kihesabio chake ni sufuri yaweza kuwa imekufa, au mtambo uliwashwa upya jana na hesabu zote zikaanza mwanzo. Yaweza pia kuwa ni ya kazi inayofanywa mara moja kwa mwaka. Ofisi inayopokea mafuriko ya watu wanaowasilisha ripoti za kodi kabla ya Juni 30 ina kanuni zinazolala miezi kumi. Kwa hiyo kihesabio peke yake hakitoshi. Kila kanuni iandikwe jina la afisa aliyeiomba, sababu ya kuiomba, na tarehe ya kuiondoa au kuitazama upya. Mitambo karibu yote ya kisasa ina nafasi ya kuandika maelezo hayo pembeni mwa kanuni. Nafasi hiyo ndiyo huachwa tupu.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo ya mafundi, yasiyostahili ukurasa wa maoni. Tunawaelekeza Dhaka. Mnamo Februari 2016 wezi waliingia katika tarakilishi za benki kuu ya Bangladesh, wakatuma maagizo ya uongo kwa benki ya Federal Reserve ya New York wakitaka karibu dola milioni 951. Nyingi za hizo zilizuiwa. Dola milioni 81 zilifika Ufilipino na kupotelea katika kumbi za kamari. Dola milioni 20 nyingine zilizokwenda Sri Lanka zilirudishwa baada ya karani wa benki kutilia shaka neno lililoendelezwa vibaya. Polisi wa uchunguzi wa Bangladesh walisema baadaye kwamba benki hiyo haikuwa na fayawoli, na kwamba mitambo yake ilikuwa imeunganishwa kwa swichi kuukuu za takriban dola kumi. Nchi nzima iliokolewa na tahajia.

Huo ni mkasa wa wasionunua. Mkasa wa walionunua unatuhusu zaidi. Equifax ni kampuni ya Marekani inayohifadhi rekodi za mikopo, na haikuwa maskini wa mitambo. Machi 2017 ulitangazwa udhaifu katika programu ya Apache Struts, pamoja na dawa yake. Kampuni haikuitia dawa hiyo kila mahali palipohitajika. Tangu Mei 13 mwaka huo wavamizi wakaingia. Sasa tazama: kampuni ilikuwa na mtambo maalumu wa kuchungulia mawasiliano yaliyofumbwa ili kuwanasa watu kama hao, lakini cheti cha kidijitali kilichouwezesha mtambo huo kufumbua kilikuwa kimepitwa na muda wake kwa miezi mingi. Mtambo haukuzimika, wala haukupiga kelele. Uliendelea kuyapitisha yote bila kuona. Julai 29 cheti kipya kilipowekwa, siku hiyo hiyo wafanyakazi waliona mawasiliano ya kutiliwa shaka. Wavamizi walikuwa wamekaa ndani kwa siku 76, wakichota rekodi kidogo kidogo. Watu wapatao milioni 147 waliathirika, na mnamo 2019 kampuni ilikubali kulipa hadi dola milioni 700.

Tumelieleza tukio hilo kwa kirefu kwa sababu linawafaa wanaoamini kwamba mtambo uliowashwa ni mtambo unaolinda. Wavamizi wale walichota polepole kiasi kwamba takwimu za malango peke yake huenda zisingeliwafichua. Lakini je, hakuna aliyejiuliza katika miezi yote hiyo mbona mtambo wa kuchungulia hauoni lolote? Kifaa cha ulinzi kisicho na habari yoyote ya kutoa, katika kampuni yenye shughuli nyingi kiasi hicho, kilikuwa kinatoa habari kubwa kuliko zote.

Duka la Target la Marekani nalo lilipoteza habari za kadi za malipo milioni 40 mwishoni mwa 2013. Wavamizi waliingia kwa kutumia kitambulisho cha mwanakandarasi wa mitambo ya baridi, yaani mlango ule ule wa Ijumaa tuliousimulia. Ripoti iliyotayarishwa kwa kamati ya Seneti mnamo Machi 2014 ilieleza kwamba mitambo ilitoa tahadhari na tahadhari hizo hazikushughulikiwa. Benki ya Capital One nayo ilivamiwa mnamo 2019 kupitia fayawoli ya wavuti iliyopangwa vibaya. Watu wapatao milioni 100 wa Marekani na milioni sita wa Kanada waliguswa, na mwaka uliofuata benki ikatozwa faini ya dola milioni 80. Katika visa hivi vyote vitatu ngome ilikuwapo.

Ngome ya Fort Jesus mjini Mombasa ilianza kujengwa na Wareno mnamo 1593. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Kuta zake hazikuwashinda nguvu walinzi kwa kubomoka. Walioisha ni watu. Njaa na maradhi viliwamaliza waliokuwa ndani, hata siku Waomani walipoukwea ukuta walikuta wachache wa kuhesabika. Kuta zimesimama hadi leo na watalii hulipa kuzitazama.

Kuna pingamizi moja tunaloliheshimu. Wafanyakazi na watetezi wa haki huuliza kama ufuatiliaji huu hautakuwa njia ya wakubwa kuwapeleleza wadogo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 31, inamhakikishia kila mtu faragha, na sheria ya ulinzi wa data ya 2019 imeifafanua haki hiyo. Jibu letu ni kwamba takwimu za malango na vihesabio vya kanuni ni kama mizani ya barabarani kule Mariakani au Gilgil. Mizani hupima uzito wa lori na kuandika nambari yake, haifungui magunia. Afisa anayetaka kufungua magunia, yaani kusoma barua za watu, hilo ni jambo jingine na linahitaji idhini nyingine. Ofisi iandike wazi mpaka huo na iutundike ukutani, ili karani ajue kwamba kinachohesabiwa ni pakiti, si maneno yake.

Kwa kweli sheria hiyo hiyo ya 2019 ndiyo inayotupa hoja yenye nguvu zaidi. Inamtaka anayehifadhi data za watu amwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 tangu agundue kwamba data hizo zimefikiwa na wasiohusika na kwamba kuna hatari ya kuwadhuru wenyewe. Saa 72 ni siku tatu. Hospitali ambayo haina takwimu za malango yake za juma lililopita itamwarifu nini Kamishna? Haitajua kama zimetoka faili kumi au laki moja. Haitajua zimetoka kupitia kanuni gani. Itaandika barua yenye maneno mengi, na wagonjwa ambao habari zao za damu na za uzazi zimeanikwa hawatakuwa na la kushika.

Ni haki pia tuseme mpaka wa mtambo wenyewe. Mafuriko kama yale ya Julai 2023 hayazuiwi na fayawoli iliyo mlangoni. Bomba likijaa huko nje, mtambo waweza kuzikataa pakiti zote mbaya na bado mwananchi mwema asipate nafasi ya kupita. Isitoshe, mtambo hukumbuka kila mazungumzo yanayoendelea katika jedwali lake, na jedwali likijaa huanza kuwakataa hata waungwana. Maji hayo hukatwa juu zaidi, kwa kampuni inayokuuzia intaneti au kwa wanaouza huduma ya kuchuja mafuriko. Lakini ni nani atakayeipigia simu kampuni hiyo, saa ngapi, akiwa na ushahidi gani? Aliye na picha ya lango lake mkononi ataonyesha kwamba saa tatu na dakika ishirini pakiti zinazoingia ziliongezeka ghafla, hali baiti zinazotoka zikashuka. Aliyekaa gizani atadhani ni nyaya za baharini zimekatika. Hatumlaumu, kwa kuwa hilo nalo hutokea. Mnamo Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika na Afrika Mashariki nzima ikapata taabu. Siku ile malango yalionyesha kinyume: vilivyokuwa vinaingia vilipungua.

Wabunge wametunga sheria za kutosha. Ya matumizi mabaya ya tarakilishi ilipitishwa 2018, na kanuni za kulinda miundomsingi muhimu ya habari zikafuata 2024. Kinachokosekana ni mtu wa zamu. Ofisi nyingi za umma zina kijana mmoja au wawili wanaofanya yote, kuanzia nywila zilizosahauliwa hadi projekta za mikutano, na fayawoli ni kazi ya kumi na saba katika orodha yao. Mahali pengine hata nywila ya mtambo wameachiwa waliouuza, na kila kanuni inapohitaji kubadilishwa hupigiwa simu watu wa nje. Ofisi kama hiyo imekodi bawabu asiyemjua, ikampa funguo zote, na haina nambari yake ya nyumbani.

Wakaguzi wa hesabu nao wabadilishe swali lao. Wamezoea kuuliza kama mtambo ulinunuliwa kwa kufuata sheria ya ununuzi na kama upo katika daftari la mali. Waongeze maswali matatu: ni nani aliyesoma takwimu za malango jana, kanuni ngapi hazina mwenyewe wala tarehe, na rekodi za miezi sita iliyopita zimehifadhiwa wapi, maana zikiwa zimehifadhiwa ndani ya mtambo wenyewe basi atakayeuvamia atazifuta kwanza. Majibu yaandikwe katika ripoti, na afisa mhasibu ayatetee mbele ya kamati ya bunge kama anavyotetea vocha za mafuta ya magari.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai mosi, na makadirio huletwa bungeni miezi miwili kabla. Kila yatakapoletwa, mtaona tena mamilioni ya kununua mitambo ya usalama wa mtandao katika wizara na mashirika. Kamati ya Bajeti iangalie kama katika ukurasa huo huo kuna mishahara ya watu wa kuitazama mitambo hiyo usiku, na mafunzo yao. Pasipo na kifungu hicho, fedha za kununua mtambo zizuiwe hadi wizara husika itaje ni nani atakayekuwa zamu.